Utitiri Huu au Utitiri Huyu? Uainishaji wa Viumbe Wadogo wa Ufukweni na Somo la Ngeli

Utangulizi

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukutana mara kwa mara na mafungu ya maneno kama utitiri wa vyama vya siasa, utitiri wa kodi, au utitiri wa semina. Mwandishi anayeyatumia hana kuku akilini mwake. Neno limekwisha kuhama bandani, likapita sokoni, likaingia bungeni, na sasa maana yake ya wingi uliopita kiasi imezoeleka kuliko maana yake ya asili. Hata hivyo, mfugaji wa Masimba, katika eneo la Masaba, Kaunti ya Kisii, hahitaji mwanaisimu wa kumfafanulia sitiari hiyo. Akimwinua kuku aliyekuwa akiatamia, mkono wake hujaa vijinyama vidogo mfano wa vumbi linalotembea, na kabla hajayafikia maji ya kunawa vimekwisha kufika kiwikoni. Wingi huo ndio uliolizaa neno la magazetini.

Makala haya yanajadili swali linaloonekana dogo. Pindi mwanasayansi anapomtenga kiumbe mmoja katika wingi huo, akamweka chini ya hadubini na kutaka kumpa jina lake mwenyewe, je, Kiswahili kinampa nyenzo gani? Mfano mkuu utakuwa utitiri wanaoishi kwenye ufuko wa bahari, kwa sababu mbili. Kwanza, hao ni miongoni mwa wanyama ambao spishi zao mpya zinaendelea kugunduliwa hadi leo. Pili, wanaishi katika mazingira yaleyale ambamo Kiswahili chenyewe kilikulia. Masimba iko mbali na bahari, tena zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wake; lakini itaonekana kwamba mwanafunzi wa huko, kwa kuwa anazo lugha mbili za Kibantu kinywani, ana la kuchangia katika mjadala huu ambalo mwenzake wa pwani huenda asilione kwa urahisi.

Mnyama Mwenyewe

Kamusi za Kiswahili kwa kawaida humweleza utitiri kuwa ni mdudu mdogo wa kuku. Maelezo hayo yanatosha bandani, hayatoshi maabarani. Kibiolojia, mdudu ni mnyama mwenye miguu sita na mwili uliogawanyika katika kichwa, kifua na tumbo. Utitiri aliyekomaa ana miguu minane na mwili wake haukugawanyika hivyo. Ndugu zake ni buibui, nge, kupe na papasi, ambao wote wamo katika ngeli ya araknida. Kinachowachanganya wanaoanza somo hili ni kwamba utitiri anapoanguliwa huwa na miguu sita tu. Jozi ya nne huota baadaye, anapoambua gamba lake la kwanza. Mtu akiokota mtoto na mzazi wake ufukweni bila kujua jambo hilo, anaweza kuwaweka katika makundi mawili tofauti na kujiona amefanya kazi safi.

Mswidi Carl Linnaeus, katika toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae la mwaka 1758, aliwatia utitiri na kupe wote katika jenasi moja tu, Acarus. Tangu hapo jenasi hiyo moja imepasuka ikawa mamia ya familia. Spishi zilizokwisha kuelezwa na kupewa majina zinazidi 50,000, na wataalamu wanakubaliana kwamba zilizobaki bila majina ni nyingi kuliko hizo.

Lugha ya Kiswahili nayo haikulala. Ilikwisha kuwatenga kupe wa ng'ombe na papasi wa nyumba za udongo, yule anayeambukiza homa ya papasi, kabla shule haijaja kuwatenga. Kwa upande wa upele, iliupa jina ugonjwa lakini haikumpa jina utitiri anayeusababisha, kwa kuwa haonekani kwa urahisi kwa macho. Kupe akapanda cheo zaidi ya wenzake wote: katika miaka ya Ujamaa nchini Tanzania alikuwa jina la kila mnyonyaji. Uainishaji wa wenyeji hufuata haja. Anayetajwa ni yule anayeuma, anayeambukiza au anayeharibu.

Hao wa ufukweni hawaumi mtu.

Baina ya Maji Kupwa na Maji Kujaa

Mkazi wa pwani ana msamiati mpana wa mahali ambapo bahari na nchi kavu hugombania mipaka. Ana maji kupwa na maji kujaa, ana bamvua na maji mafu. Msitu wa mikoko, ambao mgeni huuona kuwa kichaka kimoja cha kijani, yeye huugawa: mlilana unaotangulia mbele kwenye maji, mkoko wenyewe wenye mizizi iliyopinda kama magongo, mkandaa ulio nyuma yake, na mchu unaoonekana mbele na nyuma. Mjenzi anayetafuta boriti hawezi kuuziwa mmoja akaambiwa ni mwingine. Uainishaji huo umejengwa juu ya umbo, mahali na matumizi, na kwa kazi yake hauna kasoro.

Ndani ya ukanda huohuo, kwenye mwani, kwenye nyufa za miamba na kwenye magome ya mikoko, huishi utitiri wa aina kadhaa. Kundi lililo maarufu zaidi ni familia ya Halacaridae. Jenasi ya Halacarus, ambayo ndiyo iliyoipa familia hiyo jina, ilielezwa mwaka 1855 na Mwingereza Philip Henry Gosse. Leo familia nzima ina zaidi ya spishi 1,000, na jenasi moja peke yake, Copidognathus, ina zaidi ya 300. Wengi wao hawafikii hata milimita moja kwa urefu. Ingawa ni wanyama wa bahari kwa maana kamili, na wengine wamepatikana katika vilindi vya maelfu ya mita, hawajui kuogelea. Hutambaa tu juu ya kile walichokishika. Baadhi yao hufyonza mwani, na tumbo lao huonekana la kijani kupitia kwenye ngozi. Wengine huwinda wanyama wadogo kuliko wao.

Kundi la pili lina historia tofauti kabisa. Ni utitiri wa oda ya Oribatida, ambao kwa asili ni wanyama wa udongo na majani makavu ya msituni. Familia chache za oda hiyo zilihamia ufukweni: Ameronothridae katika pwani za baridi zaidi, Fortuyniidae na Selenoribatidae katika pwani za joto na kwenye mikoko. Jenasi ya Fortuynia iliundwa na Mholanzi L. van der Hammen mwaka 1960 kutokana na vielelezo vya Guinea Mpya. Mwaka 1961 K. Strenzke alieleza Selenoribates kutoka Bahari ya Shamu, na mwaka 2002 D. J. Marshall na P. J. A. Pugh walieleza spishi za Fortuynia za pwani ya kusini mwa Afrika. Pwani ya Waswahili imelala katikati ya sehemu hizo mbili, ikiwa na mikoko, joto na mawe ya matumbawe ambayo viumbe hao huyapenda.

Jinsi wanavyoishi hapo panastahili kutuliwa kidogo. Wanyama hawa wangali wanahitaji hewa, lakini maji yanapojaa hawakimbii. Fortuynia huwa na utando mwembamba wa hewa ulionaswa juu ya ngozi yake, nao humwezesha kupumua chini ya maji kwa siku nyingi. Kuhusu mawimbi, kinga yao ni ukucha. Tobias Pfingstl wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, na wenzake walipima kucha za utitiri wa ufukweni na kuchapisha matokeo mwaka 2020: wale wa kwenye miamba wana kucha nene zilizopinda sana, ilhali wale wa mikokoni, ambako maji ni matulivu zaidi, wana kucha nyembamba zisizopinda sana. Kwa hiyo ukucha mmoja usioonekana kwa jicho unaweza kueleza mnyama ametoka kwenye jiwe au kwenye mti.

Utafiti wa wanyama wadogo wa matope na mchanga si mgeni Afrika Mashariki. Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa katika Kaunti ya Kwale, imewavuta wataalamu kwa miongo kadhaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha mwaka 1992 kazi kuhusu wanyama wadogo wa chini ya mikoko ya ghuba hiyo, na mwaka 2001 kazi nyingine kuhusu wale wa kwenye majani ya bahari. Katika kazi za namna hiyo minyoo ya nematoda na kopepoda hutawala hesabu. Utitiri kwa kawaida hupewa mstari mmoja katika jedwali, wote kwa pamoja. Mtafiti hana kosa katika hilo, kwani swali lake ni la wingi na mtawanyiko. Lakini mstari mmoja wa jedwali ni utitiri wa magazetini: ni wingi usio na mtu ndani yake.

Kiambishi na Upatanisho

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia mjadalani akiwa na silaha mkononi. Ugumu wa kuainisha utitiri wa ufukweni unafanana sana na ugumu anaokutana nao katika somo la ngeli za nomino, na si kwa bahati tu kwamba wanabiolojia wanaoandika kwa Kiswahili wameliazima neno ngeli kwa ajili ya daraja mojawapo la uainishaji wao: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi.

W. H. I. Bleek, katika sarufi linganishi yake iliyoanza kutoka mwaka 1862, aliainisha nomino za Kibantu kwa viambishi vyake, na Carl Meinhof akaendeleza njia hiyo. Mtazamo huo hutazama sura ya neno. Kiti, kisu, kiboko, kiroboto na kipepeo vyote vina ki-, basi vyote ni vya kundi moja. Wanasarufi wa baadaye wakapinga kwamba sura hupotosha: hakuna Mswahili asemaye kiboko hiki kimelala mtoni akimkusudia mnyama. Husema kiboko huyu amelala. Kigezo chao kikawa upatanisho wa kisarufi katika sentensi, na kwa kigezo hicho kiboko humwacha kiti na kumfuata mtu katika ngeli ya A-WA. Ubishi huu unafahamika kwa kila aliyeketi kwenye mtihani wa mofolojia.

Utitiri wa bahari ni kikundi cha ki-. Halacaridae na Fortuyniidae wanaishi mahali pamoja, wana ukubwa unaokaribiana, wote hutambaa na kushikilia kwa kucha. Aliyewaokota pamoja angewaita kwa jina moja. Lakini muundo wa vinywa vyao, mpangilio wa nywele zao na jeni zao huonyesha kwamba nasaba zao zilikwisha kuachana zamani mno, na kila moja ilikuja baharini kwa njia yake. Wanafanana kwa sababu ya makazi, kama kiti na kiboko vinavyofanana kwa sababu ya silabi. Kinyume chake pia hutokea. Ulimi na ndimi, kwa mgeni, ni maneno mawili yasiyohusiana; mwenye lugha anajua ni umoja na wingi wa neno moja. Vivyo hivyo zipo spishi za utitiri ambazo dume na jike wametofautiana kiasi cha kumfanya mchunguzi adhani ana spishi mbili. Kigezo cha sura huunganisha wasiohusiana na kutenganisha ndugu, katika sarufi na katika zuolojia.

Mwanafunzi wa Masimba anaongeza jambo. Katika Ekegusii mnyama habadilishi upatanisho kwa sababu ya uhai wake: husemwa eng'ombe eye, chiombe echi, na kiambishi hubaki kuwa bwana. Mzungumzaji wa lugha hiyo anapojifunza Kiswahili hulazimika kugundua kwamba Kiswahili kina sheria ya pili iliyo juu ya ile ya kwanza, nayo humtazama kiumbe kabla ya kulitazama neno. Mzawa wa Mombasa au Unguja huitumia sheria hiyo bila kuiona. Wa Kisii ameiona, kwa sababu ilimgharimu makosa. Mwanauainishaji mzuri huhitaji jicho kama hilo.

Basi, utitiri huu au utitiri huyu? Neno lina umbo la ngeli ya U, na katika matumizi ya wingi hupatana hivyo: utitiri huu wa kodi umetuchosha. Kuna mfano wa karibu kutoka baharini. Uduvi ukianikwa juani ni chakula, na husemwa uduvi huu umekauka. Dagaa nao huweza kuwa dagaa hii sokoni na dagaa hawa ziwani. Upatanisho hubadilika kulingana na kama msemaji anaona fungu au anaona wanyama. Wataalamu wa kilimo, katika vijitabu vya wakulima wa nyanya, huandika utitiri mwekundu, lakini m- hiyo peke yake haiamui lolote, kwa kuwa hutumika katika ngeli ya watu na katika ngeli ya U pia. Anapokusudiwa mnyama, upatanisho wa ngeli ya A-WA ndio unaofaa kufuatwa. Wapo watakaopendekeza mtitiri na watitiri, au kititiri na vititiri. Mapendekezo hayo yanafuata kiambishi, yanaunda maneno ambayo mfugaji hatayatambua, na yanatatua tatizo ambalo upatanisho umekwisha kulitatua. Utitiri huyu, utitiri hawa, kama chawa huyu na chawa hawa, inatosha.

Jina Linavyopatikana

Kazi ya kugundua spishi mpya huanza kwa vifaa vya kawaida. Maji yakipwa, mtafiti hukwangua mwani na kuvu kutoka kwenye mwamba kwa kisu, akatia katika mfuko. Maabarani huuweka ule mkwanguo juu ya chujio lililo ndani ya faneli, na taa juu yake. Joto na ukavu huwasukuma wanyama chini hadi wakaangukia katika chupa ya spiriti. Njia hii ilianzishwa na Mwitalia Antonio Berlese mwanzoni mwa karne ya 20, na haijapitwa na wakati. Kinachofuata ni kazi ya miezi: kumfanya mnyama awe mwangavu kwa asidi ya maziwa, kuhesabu nywele za kila pingili ya mguu, kupima kwa mikromita, kuchora, na siku hizi kusoma jeni. Kisha kielelezo kimoja huchaguliwa kiwe shahidi wa jina. Hicho huhifadhiwa katika makumbusho, na mtu yeyote atakayetilia shaka jina hilo baada ya miaka 100 atarudi kwake.

Kisa cha karibuni kinachojulikana zaidi kilitokea Japani. Mwaka 2019 mpiga picha asiye mwanasayansi aliwaona vijinyama kwenye ukuta wa bandari ya uvuvi ya Choshi, mkoa wa Chiba, akawapiga picha na kuziweka kwenye mtandao wa Twitter. Profesa Satoshi Shimano wa Chuo Kikuu cha Hosei, Tokyo, aliziona, akashuku kuwa ni spishi isiyojulikana. Vielelezo vikakusanywa, na mwaka 2021 yeye, Pfingstl na wenzao wakaichapisha kwa jina la Ameronothrus twitter. Mwaka uliofuata spishi nyingine iliyogunduliwa kwa njia ileile ilipewa jina la Ameronothrus retweet. Na hiyo ndiyo mojawapo ya zile ambazo dume na jike hawafanani. Wapo waliocheka majina hayo. Lakini kisa chenyewe si cha mzaha, kwa sababu bandari ya Choshi si kisiwa cha mbali: iko karibu na mojawapo ya miji yenye watu wengi kuliko yote duniani, na wavuvi walikuwa wakipita juu ya mnyama huyo kila siku.

Mwaka 2023 kampuni ya Twitter ilibadilisha jina lake ikawa X. Utitiri hakubadilika. Sheria za majina ya wanyama haziruhusu jina lililochapishwa ipasavyo kufutwa kwa kuwa limepitwa na wakati au halifai. Hili si geni kwa wakulima wa chai wa nyanda za juu za Kisii: utitiri mwekundu anayeshambulia chai huitwa Oligonychus coffeae, yaani wa kahawa, kwa sababu aliyemweleza mwaka 1861 huko Ceylon, J. Nietner, alimkuta kwenye kahawa. Mkahawa ule ungalipo katika jina lake hadi leo.

Sheria hizohizo zina kipengele ambacho wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kukijua. Jina la spishi sharti liandikwe kwa herufi za Kirumi, lakini maelezo yake hayalazimiki kuandikwa kwa lugha fulani. Wanabotania walibanwa na Kilatini hadi mwisho wa mwaka 2011. Wanazuolojia hawana kifungo cha namna hiyo, ila ushauri tu kwamba muhtasari wa sifa bainifu utolewe kwa lugha inayotumika kimataifa katika fani hiyo. Kwa maneno mengine, maelezo ya utitiri mpya wa Gazi yaliyoandikwa kwa Kiswahili, yakitimiza masharti mengine, ni halali mbele ya sheria. Na maneno ya kwetu yamekwisha kuingia upande wa majina yenyewe. Nyani aliyegunduliwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania alielezwa mwaka 2005 kuwa Lophocebus kipunji, kwa jina aliloitwa na wenyeji. Mwaka uliofuata uchunguzi wa jeni na maumbile ulimtoa katika jenasi hiyo na kumwekea jenasi yake, Rungwecebus, kutoka Mlima Rungwe. Jenasi ikabadilika, kipunji akabaki.

Gharama ya Jina Lisilo Lake

Anayeona kuwa haya yote ni michezo ya wasomi na atazame nyuki. Kwa miongo mingi wafugaji na wataalamu duniani walijua kwamba utitiri aliyekuwa akiangamiza mizinga ya Ulaya na Marekani ni Varroa jacobsoni, aliyeelezwa zamani kutoka Java. Mwaka 2000 Denis Anderson na J. W. H. Trueman walionyesha kwamba chini ya jina hilo mlikuwa na spishi zaidi ya moja, na kwamba muuaji ni mwingine, wakamwita Varroa destructor. Ina maana kwamba maandiko mengi ya miaka iliyotangulia yalikuwa yakimshtaki jirani. Utitiri huyo alibainika katika mizinga ya Kenya na Tanzania mwaka 2009, na kwa kuwa jina lilikuwa limekwisha kusahihishwa, watafiti walijua ni nani aliyeingia na maandiko gani yamhusu.

Utitiri wa mikokoni hana asali ya kuharibu, na kwa hiyo hana wa kumtetea. Mkandaa ukikatwa, bandari ikipanuliwa au matope yakizolewa, anayeishi humo akiwa hana jina haingii katika ripoti yoyote ya mazingira. Hesabu ya waliopotea haiwezi kumtaja asiyetajika.

Msamiati wa Maelezo

Swali linalobaki ni la kiutendaji: je, Kiswahili kinaweza kubeba maelezo ya spishi? Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi, na msingi huo hautumiki ipasavyo. Katika shule za sekondari za Kenya biolojia husomeshwa kwa Kiingereza na Kiswahili hubaki katika kipindi chake, kana kwamba somo moja halimhusu mwenzake. Msichana wa Masimba aliyekwaruzwa na utitiri wa kuku tangu utotoni anaweza kumaliza kidato cha nne akimjua mnyama huyo kwa majina mawili, bila kuambiwa na yeyote kuwa ni mmoja.

Ugumu wa kweli hauko katika majina ya madaraja bali katika sehemu za mwili. Neno nywele, kwa mfano, limebebeshwa mzigo mzito. Utitiri ana nywele za kugusia, za kunusia, na jozi moja maalumu ya mgongoni inayohisi mtikisiko. Kuziita zote nywele ni kurudi kwenye jedwali la mstari mmoja. Unywele, laika, malaika na singa ni maneno yaliyopo, yenye tofauti za maana zinazoweza kukazwa na kugawiwa kazi. Singa huashiria unywele mrefu ulionyooka. Malaika ni vinyweleo laini vya mwilini. Istilahi zilizokatwa kutoka katika nguo ya lugha yenyewe hushika kuliko zile zinazoletwa zikiwa zimeshonwa. Kwa ukucha hakuna tatizo lolote, na pingili imetoka kwenye muwa ikafaa mguuni.

Ufuatao ni mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya, usiomhusu mnyama halisi, wa namna maelezo yanavyoweza kusomeka: "Utitiri mdogo, urefu wa mwili chini ya nusu milimita, rangi ya kahawia iliyoiva. Mgongo una mabonde mawili yanayokutana nyuma. Singa za mgongoni jozi kumi na nne, zote fupi, isipokuwa jozi ya mwisho inayozidi upana wa mwili. Kila mguu una ukucha mmoja, mwembamba, usiopinda sana. Dume ana kovu la duara tumboni, jike hana. Hukaa kwenye gome la mlilana, chini ya alama ya bamvua."

Hakuna sentensi hapo iliyohitaji msaada wa lugha nyingine. Mlilana na bamvua vimefanya kwa neno mojamoja kazi ambayo lugha nyingi zingeifanya kwa kishazi kizima. Na upatanisho wa dume ana, jike hana, umewezekana kwa sababu mwandishi alikwisha kuamua tangu mwanzo kwamba anamweleza utitiri huyu. Angeshikilia utitiri huu, dume na jike wangerudi kwenye fungu.